Haziuzwi Moja Moja

Orval Tveit alikuwa na miaka sabini na moja, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kubonyeza kitufe ili mtu aje kumuuzia kitu. Jumamosi ile alikibonyeza mara nne. Kilikuwa kwenye nguzo mbele ya kabati la vioo lenye risasi, nyuma kabisa ya duka kubwa la kando ya barabara kuu, na kila alipokibonyeza sauti ya mwanamke asiyeonekana ilimwambia kwamba mhudumu yuko njiani, kisha ikamshukuru kwa subira yake. Subira yenyewe hakuwa nayo. Maili kumi na nne kutoka pale, Dolly, farasi wa marehemu mkewe Lavonne, alikuwa amelala kwa ubavu langoni mwa ranchi, mguu wa mbele umevunjika mahali pawili, na bado alikuwa hai.

Langoni hapo palikuwa pamelazwa mabomba ya chuma juu ya shimo, ili magari yapite na ng'ombe wasivuke. Dolly aliyajua mabomba hayo kwa miaka ishirini na saba na hata siku moja hakuyajaribu. Asubuhi hiyo ya Machi yalikuwa yamefunikwa na barafu, macho yake nayo yalikuwa yameanza kufifia, akayakanyaga. Orval alikata bomba moja akautoa mguu, akaona mfupa, akamfunika farasi blanketi na kuingia ndani kupiga simu. Daktari wa mifugo alikuwa upande wa pili wa kaunti akizalisha ng'ombe, asingefika kabla ya saa kumi jioni. Majirani wote walikuwa wamekwenda mjini Billings kwenye mashindano ya mpira wa kikapu ya jimbo, kwa sababu wasichana wa shule yao walikuwa wamefika nusu fainali, jambo ambalo bonde lile halijawahi kuliona. Hakubaki hata mtu wa kuombwa risasi.

Bunduki yake mwenyewe ilitundikwa karibu na mlango wa jikoni. Droo ya risasi ilikuwa chini yake, na Orval hakujisumbua kuifungua, kwa maana alijua ni tupu. Binti yake, Gretchen, alizichukua zote mwezi wa Novemba, wiki ya mazishi ya mama yake, akisema anapanga nyumba. Nyumba aliipanga siku mbili, na kitu pekee kilichotoka ndani yake kilikuwa risasi.

Alipochoka kushukuriwa na nguzo, Orval alimfuata mfanyakazi aliyekuwa akipanga makopo ya rangi.

"Mimi ni wa rangi, mzee," yule akamwambia. "Wa risasi ni Darcy. Ufunguo anao yeye."

"Darcy yuko wapi?"

"Mapumziko."

"Yanaisha saa ngapi?"

"Akirudi ndiyo yameisha."

"Wewe huwezi kuushika huo ufunguo?"

"Kuushika naweza. Kuutumia siruhusiwi."

Orval alirudi kwenye kaunta. Nyuma yake alikuwa amesimama mwanamume mnene mwenye kofia ya kijani, aliyekuja kukata leseni ya uvuvi, ambayo nayo ilikuwa chini ya ufunguo wa Darcy, ingawa hakuna aliyejua ufunguo na leseni vinahusiana wapi.

"Mimi niko hapa tangu wafungue," mtu huyo alisema. "Samaki niliowafuata watakufa kwa uzee."

Orval hakucheka. Alikuwa akifikiria jinsi Dolly alivyoinua kichwa aliposikia pikapu ikiondoka, akidhani ataletewa kitu. Ulikuwa unakaribia muda wa saa moja na nusu tangu amwache, na kila dakika ya duka lile ilikuwa ikilipwa na mwingine. Hasira ilimpanda, akaingiza mikono mifukoni.

Darcy akatokea. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, amevaa kizibao cha bluu cha duka, funguo zikining'inia kiunoni. Hakuonekana kuwa na haraka, wala hakuonekana mvivu.

"Samahani kwa kungoja, baba. Nikupe nini?"

"Ishirini na mbili." Ndiyo risasi ndogo kuliko zote, na kwa farasi aliyelala, mkono ukiwa karibu, inatosha.

"Za bunduki au za bastola?"

"Ni zilezile."

"Najua ni zilezile. Mashine inauliza."

"Iambie ni za Orval."

Mwenye kofia akacheka kwa pua. Darcy akabonyeza anachojua yeye, akanyoosha mkono. "Leseni ya udereva."

"Nina miaka sabini na moja, binti."

"Mimi naona. Yenyewe haioni."

Leseni ikapitishwa mara tatu na mashine ikaikataa mara tatu. Darcy akaandika tarehe ya kuzaliwa kwa mkono. Mashine ikafikiri. Ikaganda. Ikabidi izimwe na kuwashwa upya, na wakati inawaka ikaonyesha picha ya familia moja yenye meno mazuri ikichoma nyama uwanjani. Orval aliitazama familia hiyo mpaka ikaondoka.

"Haya, imeamka," Darcy akasema. "Cha hamsini au cha mia tano?"

"Nahitaji moja."

"Kisanduku kimoja. Cha hamsini?"

"Risasi moja."

"Haziuzwi moja moja, baba."

"Basi nitalipa zote hamsini, nichukue moja. Nyingine mpe huyu bwana. Mimi sitazihitaji."

Alijiona amesema vizuri na kwa ufupi. Katika nchi ile mtu hamwelezi muuza duka shida za nyumbani kwake, na kitu kinachofaa hakitupwi kama kuna mtu amesimama hapo anayeweza kukitumia. Zaidi ya hayo, neno farasi lilikuwa limemkaa kooni tangu asubuhi, na alijua likitoka litatoka na machozi, mbele ya mwenye kofia na makopo ya rangi.

Vidole vya Darcy vikasimama. Akamtazama Orval usoni kwa mara ya kwanza, kisha akautazama mlango wa mbele, kama kuna mtu aliyekuja naye. Hakukuwa na mtu. Akalifunga kabati alilokuwa amelifungua.

"Bwana Tveit," akasema, jina akilisoma kwenye leseni, "leo sitaweza kukuuzia."

"Kwa nini?"

"Naruhusiwa kukataa."

"Sikukuuliza unaruhusiwa nini. Nimekuuliza kwa nini."

Darcy alishusha sauti. "Tuliwekwa darasani hapo nyuma siku moja, tukafundishwa. Mtu akija peke yake, ana haraka, anataka moja, na zinazobaki anagawa. Tukaambiwa huyo usimuuzie. Zungumza naye."

Orval alichelewa kuelewa. Alipoelewa Darcy alidhani risasi hiyo ni ya nani, damu ilimpanda masikioni.

"Ni ya farasi," akasema.

Hata masikioni mwake mwenyewe lilisikika kama neno la mtu anayejitetea.

"Farasi gani?"

"Wa mke wangu. Amevunjika mguu."

"Mkeo yuko wapi sasa?"

"Kaburini."

Mwenye kofia ya kijani aliivua kofia yake.

"Tangu lini?" Darcy akauliza.

"Novemba. Dada, farasi amelala kwenye barafu, mfupa uko nje. Wewe unanihoji hapa kama mwizi, na yeye anateseka. Niuzie hicho kisanduku niende zangu."

"Nakusikia. Lakini una ranchi. Ranchi nzima ikakosa risasi?"

"Binti yangu alizichukua."

"Alizichukua kwa nini?"

"Muulize yeye."

"Sawa," Darcy akasema. "Mpigie."

Orval angeweza kuondoka. Alifikiria duka jingine, mwendo wa saa moja na robo upande wa mashariki, nguzo nyingine na kitufe kingine, na Dolly akingoja. Akatoa simu yake ya kukunja, akabonyeza jina la Gretchen. Tangu mazishi alikuwa amempigia mara mbili, na moja ya hizo alikosea namba.

"Baba?" Gretchen aliitika upesi mno. "Kuna nini?"

"Dolly amevunjika mguu. Niko dukani. Huyu mama wa dukani hataki kuniuzia risasi."

Darcy akanyoosha mkono, Orval akampa simu, akajiona kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Darcy aliweka spika, akajitambulisha, akaeleza kila kitu kwa utaratibu, pamoja na lile neno 'moja', pamoja na 'nyingine mpe huyu bwana'. Mwenye kofia alijifanya anasoma bei za ndoano.

"Farasi yupo kweli," Gretchen akasema. "Wa mama. Mzee sana."

"Kwa hiyo nimuuzie?"

Orval akaisogelea simu.

"Sijui," Gretchen akasema.

Iliuma kuliko yote ya siku hiyo. Orval alijihesabu mtu anayesomeka hata na anayepita barabarani, mtu wa ng'ombe, kahawa na taarifa ya hali ya hewa, asiye na chumba cha siri ndani yake. Kumbe mtoto aliyemlea mwenyewe alikuwa hajui. Alikuwa amekaa miezi minne bila kujua, huko Bozeman alikokuwa akiishi, na simu hailii.

Darcy aliiweka simu juu ya kaunta katikati yao.

"Uligundua lini kwamba droo ni tupu?" akauliza.

Orval hakuwa mwongo. Lingekuwa jambo rahisi kusema leo asubuhi.

"Desemba," akasema.

"Msimu wa kuwinda unaisha Novemba."

"Najua."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

Orval akayashusha macho kwenye kaunta. Ilikuwa mchana mmoja wa baridi kali. Aliivuta droo, akaangalia ndani kwa muda, akairudisha, akaenda kulisha ng'ombe. Hakumwomba Gretchen arudishe kitu. Msimu mzima wa baridi alimkasirikia kwa kuchukua vitu visivyo vyake, na msimu huohuo mzima alimshukuru, na kati ya hayo mawili hakumwambia hata moja. Kwenye simu alisikia binti yake akipumua.

Darcy alitoa beji kifuani na kuiweka karibu na mashine.

"Nachukua mapumziko yangu ya mchana," akamwita yule wa rangi. "Nikichelewa, waambie nimechelewa."

"Na leseni yangu?" mwenye kofia akauliza.

"Samaki wako watangoja." Kisha akamgeukia Orval. "Nimekulia kwenye ng'ombe mimi, upande wa mji wa Circle. Bunduki yangu iko kwenye pikapu, nyuma ya kiti. Sitakuuzia kitu, Bwana Tveit. Nitakufuata, na nitakupa moja."

"Baba," Gretchen akasema. "Usikate simu."

"Naendesha gari."

"Iweke mfukoni. Usiikate."

Akaiweka kwenye mfuko wa shati, chini ya koti, ikiwa wazi. Njiani hakuongea nayo. Alijua tu kwamba ipo, na kwamba huko ndani yupo mtu anayesikiliza hita ya gari, kijisanduku cha zana kikigonga kila penye shimo, na yeye akikohoa. Mahali fulani karibu na maghala ya ngano Gretchen aliuliza wamefika wapi, akamwambia, basi. Kwenye kioo pikapu ya Darcy ilikuwa nyuma yake bila kuachana.

Dolly alikuwa palepale. Blanketi lilikuwa limeteleza. Aliinua kichwa alipowaona, akakirudisha chini, na jasho lilikuwa limemganda shingoni. Darcy alimtazama mguu, akatikisa kichwa taratibu, akaenda kuchukua bunduki. Akaifungua mbele ya Orval ili aone haina kitu, akatia risasi moja, akaifunga.

"Nimpige mimi?" akauliza. "Nimeshafanya hii kazi."

"Ni wa Lavonne," Orval akasema. "Nitampiga mimi."

Darcy alimwangalia kwa muda. Halafu akampa, lakini hakwenda mbali. Alisimama hatua mbili kando yake, mikono wazi, na Orval hakuona vibaya.

Alipiga magoti kwenye barafu. Alivua glavu moja, akampapasa farasi paji la uso, akatafuta mahali panapokutana mstari wa jicho hili na sikio lile. Alimwambia maneno machache ambayo Lavonne alikuwa akimwambia kila jioni, yaliyohusu shayiri na kitanda. Machozi yalikuja hapo, mengi, wala hayakumshangaza tena. Kisha akafyatua.

Sauti ilikwenda mpaka kilimani. Dolly alitulia mara moja, kama inavyotakiwa. Orval alibaki amepiga magoti, bunduki mapajani, na kwa kitambo kirefu hakukuwa na kitu kingine bondeni isipokuwa upepo. Darcy aliinama, akaichukua bunduki mikononi mwa Orval.

Ndipo Orval alipoisikia sauti, ndogo sana, ikitoka chini ya koti.

"Baba?"

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Alipambana na kifungo cha kwanza cha koti, kikamshinda.

"Baba. Baba, nijibu. Baba."

Akalivuta koti kwa nguvu, kifungo kikaruka, akaitoa simu na kuishika kwa mikono miwili karibu na mdomo.

"Nipo," akasema. Binti yake alikuwa akilia, hakusikia, ikabidi aseme kwa sauti ya kuitia ng'ombe. "Nipo, Gretchen. Nipo hapa."