Neno Lisilo na Shahidi

Katika kamati yetu ya kamusi, neno haliingii bila shahidi. Ukitaka liingie, uje na sentensi uliyoisikia kwa masikio yako kutoka kinywa cha mtu hai, kisha useme nani aliitamka, alimwambia nani, na walikuwa wanazungumzia nini. Magazeti hayakubaliki. Sentensi ya kujitungia tunaiita kiti cha maonyesho: kizuri, lakini hakijawahi kukaliwa.

Utaratibu huu aliuanzisha mwenyekiti wetu, mtangazaji mstaafu ambaye kila mtu humwita Mzee Mawimbi. Alisoma taarifa ya habari redioni miaka na miaka, mpaka hata akiomba sukari unahisi utafuata utabiri wa hali ya hewa. Mimi ndiye mdogo kuliko wote pale, na kwa kuwa niliingia na stashahada ya lugha, wakaniita Stashahada. Walidhani wananitania. Nikaitika.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunalitafutia Kiswahili neno la Kiingereza "broadcast", ambalo mafundi wa redio hulitamka "brodikasti".

"Tangaza," akasema Mzee Mawimbi. "Tuendelee."

"Hatuendelei," nikasema.

Mwalimu mstaafu, aliyekuwa anasinzia kando ya dirisha, akafungua jicho moja. "Haya, kumekucha."

Nikawaambia kwamba neno hilo moja la wenzetu linafanya kazi nyingi, na Kiswahili si maskini hata kimtwishe kijakazi mmoja kazi zote hizo. Mdomo hutangaza. Mtambo hautangazi, unarusha.

Fundi Mitambo, mwakilishi wa watu wa studio, akaunga mkono. Bosi wake alimfokea wiki ile: "Wewe, unarusha nini? Mbona tunasikia kwaya badala ya bunge?" Rusha ikaingia. Sambaza ikaingia kwa ushahidi wa muuguzi aliyewaambia akina mama wasambaze habari za chanjo hadi nyumba ya mwisho. Nikakumbusha kwamba Waingereza hulitumia neno hilohilo kwa mbegu zinazotupwa kwa mkono shambani, na Mwalimu akaamka kabisa.

"Tunalo hilo! 'Mchicha hauchimbiwi mashimo, mume wangu, unasiwa tu.'"

"Nani alisema?" akauliza Mzee Mawimbi.

"Mke wangu."

"Alimwambia nani?"

"Mimi."

"Mkizungumzia nini?"

"Uvivu wangu."

Sia ikaingia.

Ikabaki maana moja: kumwaga hadharani jambo ambalo mwenyewe alitaka lifichwe.

"Anika," nikasema.

"Nguo huanikwa, binti yangu," akasema Mzee Mawimbi. "Na mahindi. Mtu?"

"Hata mtu huanikwa."

"Shahidi?"

Shahidi nilikuwa naye. Tatizo ni kwamba alikuwa dada yangu, na dada yangu alikuwa mchumba wa kitinda mimba wa Mzee Mawimbi. Juzi yake jioni, akipiga pasi magauni ya wateja wake, alinielekezea ile pasi na kusema: "Ole wako unianike kwa wakwe zangu. Nitawaambia mwenyewe nikiwa tayari." Alichotaka kuwaambia ni kwamba aliwahi kuolewa, ndoa fupi iliyovunjika bila mtoto wala kelele. Mchumba wake alijua. Wazazi wa mchumba hawakujua, na mama mkwe mtarajiwa alishasema mbele za watu kwamba anamtakia mwanawe mke asiye na historia.

Haya yote niliyajua vizuri. Lakini kinywa changu hutangulia, akili huja nyuma imebeba mizigo.

"Sentensi ninayo," nikasema. "'Ole wako unianike.'"

"Tamu hiyo!" akasema Fundi Mitambo.

"Nani alisema?" akauliza mwenyekiti.

"Mwanamke mmoja."

"Kamusi haimjui mwanamke mmoja."

"Mtu wangu wa karibu."

"Alimwambia nani?"

"Mimi."

"Asianikwe kwa nani? Mlikuwa mnazungumzia nini?"

Neno langu lilikuwa limesimama mlangoni, mguu mmoja ndani. Ningeweza kusingizia jirani. Lakini mimi nasema uongo kuhusu umri, kuhusu afya, kuhusu niko wapi nikipigiwa simu. Kuhusu maneno, hapana.

"Naliondoa," nikasema.

Fundi Mitambo akaacha kutafuna kalamu. Tangu niingie kwenye kamati ile sikuwahi kuondoa neno. Kwa kubishania tofauti ya kizibo na kifuniko niliwahi kukosa chakula cha mchana.

"Sentensi si ya kweli?" akauliza Mwalimu.

"Ni ya kweli. Naliondoa."

Mzee Mawimbi akanitazama kama mtu anayesubiri taa nyekundu ya studio iwake.

"Limeondolewa," akasema. "Chai."

Mezani akanisogezea sukari. "Dada yako hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Mwambie mimi napokea simu."

Nilipofika nyumbani nikamweleza Dada yote, nikiwa nimesimama mbali na pasi.

"Kwa hiyo umenianika."

"Sikukuanika. Nilinyamaza."

"Wewe? Ulinyamaza?"

"Ndiyo."

"Basi amejua! Ukinyamaza wewe, hata kuku wanaulizana kuna msiba gani."

Akachomoa pasi, akakaa, akasimama, akakaa. Kisha akapiga simu, akaweka spika ili mimi nisikie nilichokisababisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, niliwahi kuolewa. Tukaachana. Mwanao anajua. Nimetaka usikie kwangu."



"Mliachana kwa sababu gani?"

"Tuliishi kama wapangaji wawili, baba. Kila mtu na ufunguo wake."

"Alikupiga?"

"Hapana."

"Na mwanangu unampenda?"

"Sana. Ila anakoroma."

"Hayo ni ya upande wa mama yake," akasema Mzee Mawimbi. "Mimi sina kipingamizi. Sasa, ile sentensi. Ulimwambiaje mdogo wako?"

Dada akanitazama kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. "Nilimwambia, ole wako unianike kwa wakwe zangu."

"Kwa maana ya kutoa siri ya mtu bila ridhaa yake."

"Kwa maana ya kwamba ningemchinja, baba."

Tulisikia kalamu ikikwaruza karatasi. "Unaruhusu iingie?"

"Jina langu litaandikwa?"

"Kamusi haitaji majina."

"Basi iingie."

Nikarusha ngumi hewani. Dada akanipiga kofi gotini bila kugeuka.

"Na mama, baba? Utamwambia?"

"Huyo mwambie mwenyewe. Mimi nilishastaafu kutangaza. Yuko bustanini, nampelekea simu."

Zikasikika ndala zikiburuzwa, mlango ukalia, kisha sauti ya mwanamke: "Haloo! Nani?"

Dada akanishika mkono, akaubana kama anakamua nguo.

"Shikamoo, mama. Ni mimi. Nina jambo, naomba ukae."

"Sema, nimekaa. Nimekalia ndoo."

"Mama, kabla ya mwanao niliwahi kuolewa. Tuliachana. Samahani kwa kuchelewa kusema."

Ndoo ikasikika ikisogezwa.

"Na wewe pia ulikuwa na wa kwanza?" likamtoka mama mkwe.

Nyuma yake, ile sauti ya taarifa ya habari ikauliza: "Pia nani?"