Ploti ya Mjane

Truphena alikuwa akianika muhogo juu ya mwamba nyuma ya nyumba yake, kwenye kilima kilicho kati ya Sindo na Karungu, Mogire alipofika na pikipiki na kupiga kigingi chekundu kando ya jiko. Mogire alikuwa afisa wa mazingira, kijana mwenye adabu, na kabla ya kupiga cha pili aliomba maji ya kunywa. Alieleza kwamba mabaraza ya miji saba, ya upande wa Homa Bay na ya upande wa Migori, yamepitisha kwa pamoja mpango mmoja wa taka. Mabaraza hayo hayakuwa yamewahi kukubaliana hata juu ya siku ya soko, lakini kuhusu kilima hiki yalikubaliana kabla soda hazijafunguliwa. Taka zote za kanda zingeletwa hapa.

Truphena hakusahauliwa. Kwa kuwa alikuwa mjane, mpango ulimpa ploti karibu na ziwa, ahamie huko kabla ya mvua kubwa.

Shida ni kwamba kwa mila za kwao mwanamke hafungui boma jipya. Mume hutangulia na shoka na jogoo, akakata mti wa kwanza, ndipo mke afuate na moto. Truphena alikuwa Msabato, na mengi ya wazee alikuwa ameyaacha nje ya mlango wa kanisa, ila hili hakuthubutu kuliacha. Aliwaza watoto wake wakiugua kwa kuvunjwa mwiko huo, na nani angelaumiwa. Shemeji yake Joash alijitolea kumrithi awe mkewe, ili amjengee. Truphena alimwambia akazibe kwanza paa la mke aliye naye.

Malori hayakungoja. Yalileta nepi, chupa za plastiki na matumbo ya samaki kutoka Mbita, na rundo likapanda hadi usawa wa dirisha. Inzi walikula naye na kulala naye. Kifua kilianza kumbana. Aliogopa sana, wala hakumficha mtu, kwamba angefukiwa hai kwa uchafu wa watu asiowajua.

Alhamisi jioni mumewe Zablon, aliyekufa mwaka wa korona, alitoka kaburini mwake uani. Alipanga vigae vya kaburi pembeni ili visivunjike, akapangusa udongo kwenye suti, akaingia jikoni. Hawakumzika na viatu, kwa hiyo alivaa malapa ya mkewe. Truphena alimuuliza kama amekula. Alijibu kwamba huko hawali, kisha akauliza shoka liko wapi. Jirani yao Obare, aliyekuwa akipita na ng'ombe, alimpa mkono na kumkumbusha arudishe msumeno aliomwazima.

Asubuhi walipanda boda hadi kwenye ploti, Zablon na shoka begani, Truphena amempakata jogoo. Upepo wa ziwa haukunuka chochote, na Truphena aliuvuta kwa pupa. Tayari alikuwa amechagua mahali pa jiko. Mogire aliwakuta langoni, akampa Zablon pole ya safari, kisha akakuna kichwa.

"Mama, hii ploti ni ya mjane," alisema. "Na wewe sasa uko na bwana."

"Bwana yangu alikufa."

"Na huyu amesimama hapa na shoka?"

Truphena hakuweza kumkana. Zablon alieleza kwamba hakuja kukaa, akishakata mti atarudi kulala. Mogire alisema anamwelewa kabisa, lakini ploti hupewa mjane, na mjane ni yule ambaye mumewe hayupo. Bila mume, Truphena asingeweza kufungua boma. Akiwa na mume, hakuwa na pa kulifungua. Aliuliza kama neno hilo moja haliwezi kubadilishwa. Mogire alisema hakuna baraza lenye kinyongo naye, ila kilichopitishwa pamoja hubadilishwa pamoja, na yote saba hayajawahi kukaa kikao tena.

Njiani Zablon aliamua kurudi kaburini. Mkewe awe mjane tena, apate angalau ardhi, mengine Mungu atajua.

Walipofika nyumbani walimkuta Ryoba, dereva wa lori, akifunga mlango wa nyuma wa gari lake. Kaburi lilikuwa limejaa hadi juu.

"Mzee, niliambiwa nianze na shimo lenye liko wazi," alisema Ryoba.

Hakuwa na ubaya. Alisaidia hata kuvisogeza vigae ukutani. Zablon alichutama akavuta nepi moja, kisha nyingine, na kila alipovuta, rundo liliteremka na kujaza tena. Mwishowe akanawa mikono.

Jioni hiyo Truphena alifunga madirisha yote, akatandika kitanda, akasogea ukutani kumpisha. Zablon alilala chali, mikono kifuani, kama alivyozoea. Alinuka udongo, na hiyo ndiyo ilikuwa harufu pekee safi ndani ya nyumba. Truphena alikuwa amemlilia mara moja tu, wakati wa mazishi. Sasa machozi yalimtoka tena, na safari hii hakujua anamlilia nani.

"Nyar Rusinga," alimwita kwa kisiwa cha kwao, kama zamani. "Tungoje. Hao watu watakaa siku moja."

"Wewe ulishakufa, Baba Emmah. Wewe unaweza kungoja."

Nje, lori jingine lilikuwa likirudi nyuma polepole kuelekea jikoni.