Kompyuta Mbili za Wana wa Orpa

Wana wawili wa Mama Orpa hawakuwahi kugombania shamba wala mchumba. Waligombania kompyuta, na si kompyuta yenyewe bali kile kinachokaa ndani yake na kuiendesha. Mbusa, mkubwa, alikuwa na secrétariat public yake huko Mususa, mjini Butembo, akichapa barua za watu, mialiko ya harusi na picha za paspoti. Mashine yake ilikuwa ya Windows kama za majirani zake wote. Jéthro, mdogo wake, aliishi Beni, katika komini ya Ruwenzori, akirekodi kwaya za makanisa ndani ya chumba alichokibandika magodoro ukutani. Huyo alikuwa mtu wa Linux, na ukimtajia Windows alicheka mpaka mabega yakatikisika.

Kila Jéthro alipopanda Butembo, alibeba laptop yake na kuiweka mezani kando ya mashine ya kaka yake, kisha mashindano yakaanza. Alichomeka imprimante ya kuchapia ya Mbusa, na karatasi ikatoka kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Mbusa, siku alipoinunua imprimante hiyohiyo, alihangaika nayo kutwa nzima. Mashine ilimwambia imeona kifaa isichokijua, CD yake ilikuwa imekwaruzika, ikabidi anunue mega za intaneti na kuitafutia programu yake huko, na hata ilipopatikana akaamriwa azime na kuwasha upya.

"Yaya, Windows yako iko sawa na fonctionnaire wa serikali," Jéthro alimwambia mkubwa wake, ambaye kwao huitwa yaya. "Unamupatia kazi, yeye anakuomba kwanza makaratasi."

"Na yako je? Ile clé ya wifi, uliipigania juma muzima, ukiandika-andika mambo ya bachawi mu kile kidirisha cheusi. Huku kwangu niliichomeka tu, ikaingia."

"Mais carte son yangu ya sauti, micro yangu, yote inaingia bila kuuliza."

"Na scanner?"

Hapo Jéthro akaanza kukunja nyaya zake, maana scanner ilikuwa imemshinda, na Mama Orpa aliyekuwa akichambua maharage mlangoni akawacheka wote wawili. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ukweli ni kwamba kila mashine ilikuwa na vifaa iliyovipenda na vifaa iliyovinunia, na hakuna hata mmoja kati ya ndugu hao aliyekuwa tayari kuukiri ukweli huo mbele ya mwenzake.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mbusa hakulijua, na kosa halikuwa lake peke yake. Jéthro alipomletea nyimbo au picha, alizileta ndani ya flash aliyoiandaa kwa namna ambayo mashine zote mbili huisoma. Hakupenda kumsumbua kaka yake. Alijaribu mara kadhaa kumweleza kwamba diski zake za kazi zimepangwa kwa namna ya Linux na Windows haiwezi kuzifungua, lakini Mbusa alichukulia hayo kuwa majivuno mengine, akabadilisha mazungumzo.

Kisha wenye mapanga, wale waasi wa msituni, wakaingia Ruwenzori. Waliingia jioni, watu wakirudi kutoka mashambani, na Jéthro alikuwa amekwenda kumsaidia jirani kubeba kakao yake. Kesho yake alizikwa huko Beni pamoja na wengine, kwa haraka, askari wakiwa wamesimama pembeni. Barabara ilikuwa imefungwa. Mama yake alibaki Butembo, amekaa kwenye mkeka chini ya turubai uani, akilia kilio kisicho na maiti. Kilio cha namna hiyo hakina mwisho, kwa sababu moyo unakataa kuamini kile ambacho macho hayakukiona.

"Sura yake sikuiona," alikuwa akisema. "Hata mukono wake sikuushika. Basi nisikie sauti tu."

Hata sauti ilikuwa shida. Simu ya Jéthro iliondoka na waliomuua. Vocal, zile jumbe za sauti alizomtumia kaka yake, Mbusa alikuwa amezifuta zamani ili simu ipate nafasi. Nyimbo zote alizozirekodi zilikuwa sauti za watu wengine. Wimbo mmoja tu aliuimba mwenyewe, peke yake, kwa ajili ya mama yake. Alimwahidi kuuleta kwa mkono wake, na mama alikuwa hajausikia bado. Tamar, mchumba wake, aliyefanya kazi naye pale studio, alimpigia Mbusa simu kutoka Beni: vyombo vya Jéthro vimepona kwa sababu vilikuwa kanisani, na wimbo umo ndani ya diski, katika mfuko wake. Alianza kueleza zaidi, réseau ikakatika.

Barabara ilipofunguliwa, mfuko ulikuja na gari la mchungaji. Mbusa aliufungulia ndani ya secrétariat, mlango umerudishwa nusu, na mama yake akaja kuketi kando yake na kitenge chake cha matanga. Ndani ya mfuko mlikuwa na micro, nyaya na diski mbili. Moja ilikuwa ya kijivu, imechubuka pembe zote. Nyingine ilikuwa nyeusi, inang'aa, haina hata mkwaruzo.

Alichomeka ya kijivu, ikafunguka mara moja. Ilijaa sauti tele, zimeitwa kwa tarakimu tu, hakuna jina hata moja la kumwongoza mtu. Alisikiliza chache: harusi, mahubiri, harusi tena. Alichomeka ile nyeusi. Windows ikamwambia kwa Kifaransa kwamba diski hii ni lazima ifanyiwe formatage kwanza, yaani isafishwe na kupangwa upya, ndipo itumike, ikamuuliza kama anataka kuifanyia.

Mbusa alikuwa ameuona ujumbe huo mara nyingi, wateja walipomletea diski mpya kutoka dukani. Basi akaona ni diski mpya, ndugu yake aliinunua na hakuwahi kuitumia. Hakuwa mtu mzembe huyu, msimdhanie vibaya. Laiti angekuwa mzembe! Alikuwa na kanuni yake, kwamba kitu cha marehemu hakiguswi bila nakala. Ile ya kijivu ilikuwa ya zamani na ingeweza kufa wakati wowote wimbo ukiwa ndani. Afadhali aisafishe hii mpya, anakili kila kitu humo, ndipo aanze kuutafuta wimbo polepole.

Kulikuwa na alama ndogo ya formatage rapide, ile ya haraka. Aliiondoa. Diski za Butembo hupita mikononi mwa watu wengi, na yeye kila siku alizisafisha kwa njia ndefu, ile inayopita juu ya kila pembe ya diski na kuipangusa. Akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa.

"Anakuya?" mama yake akauliza.

"Minamutayarishia nafasi, mama. Ngoja kwanza."

Walikaa hapo tangu mchana hadi kiza kilipoanza kuingia. Mvua ilinyesha, taa ikawa inafifia na kurudi, courant ikitishia kukatika, kama kawaida ya mtaa ule mvua inaponyesha. Wateja walikuja, wakauona ule msiba umeketi ndani, wakarudi zao. Orpa hakuondoa macho kwenye mstari wa kijani, na midomo yake ilikuwa ikichezacheza. Mstari ulipofika mwisho alivuta pumzi, akamshika mwanawe bega. Mbusa alinakili harusi na mahubiri, akaenda kulala akiwa na amani ambayo hakuwa nayo tangu habari ilipofika.

Tamar aliwasili kesho yake, siku ya kumaliza matanga, na laptop ya Jéthro mgongoni. Uani watu walishajaa, kwaya ilikuwa ikijipanga, na baffle, spika kubwa, ilikuwa imewekwa juu ya meza ili wote wasikie. Alimkumbatia Orpa kwa muda mrefu, kisha akaingia secrétariat alipokuwa Mbusa.

"Umeipata?"

"Niko natafuta bado. Sauti ni mingi, hazina majina."

Tamar aliitazama diski ya kijivu. "Mais hii ni ya bateja ya zamani, yaya, wakati alikuwa hajaanza Linux. Wimbo ya mama iko mu ile nyeusi tu. Mi njo nilimurekodi siku aliimba. Iko wapi?"

Mbusa alinyoosha mkono kumpa ile nyeusi. Alikuwa ameanza kuelewa. Tamar aliichomeka kwenye laptop ya Jéthro, ikafunguka papo hapo bila kuuliza lolote. Ndani mlikuwa na harusi na mahubiri.

"Hii ni vitu ya ile ingine," Tamar akasema. "Ya yeye iko wapi?"

"Iliniambia haijakuwa formatée. Nikajua ni mupya."

"Windows haijuake kusoma diski za Linux! Inaona mutu, inasema nyumba haina mutu." Aliziba mdomo. Kisha akajikaza, akafungua kile kidirisha cheusi na kuandika maagizo, akiitafuta sauti chini ya zile harusi. "Ulifanya rapide? Sema ulifanya rapide. Ya rapide inaachaka vitu chini."

"Hapana. Ya murefu."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Tamar aliendelea kuandika kwa muda, lakini sasa aliandika kama mtu anayemfunika maiti vizuri. "Hata ingekatika katikati," alisema, "courant ingekatika tu katikati, tungeokoa kitu. Hata nusu." Akafunga laptop, akaweka kichwa juu yake, akalia.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Mbusa alisimama pale akizisikia sauti za watu uani wakiuliza kama mashine iko tayari. Aliwaza kudanganya, aseme diski ilifika imekufa, aitupie barabara lawama, au wale wenye mapanga ambao hakuna yeyote angewatetea. Uongo huo ungeaminika siku hiyohiyo. Lakini angekaa nyumba moja na mama yake miaka yote iliyobaki, akimwangalia anavyowalaani watu kwa kosa lisilo lao, wao waliokuwa na makosa ya kutosha. Alimwita aingie ndani, akarudisha mlango.

"Mama," alisema, "wimbo haiko tena. Na si bale batu. Ni mimi. Nilipangusa diski yenye alikuwa ndani."

Orpa alimtazama, kisha akamtazama Tamar, aliyekuwa hajainua kichwa. Alivuta kiti kilekile cha jana, akaketi.

"Lini?"

"Jana. Wakati ulikuwa umeikala hapa karibu yangu."

"Kale kamustari ka kijani?"

"Njo kenyewe, mama."

Uani kwaya ilikuwa imechoka kungoja, mtu akaanzisha wimbo na wengine wakaudaka. Orpa aliinamisha kichwa kama anayesikiliza, lakini hakuwa akiwasikiliza.

"Mi niliwaza kako kanamuleta," akasema. "Kila mara taa ilikuwa inafifia, mi nilikuwa nasali mu roho. Nilimulilia Mungu, Nyamuhanga, nikasema, Baba, ulinikatalia mutoto, basi usinikatalie hii. Courant isikatike mpaka kamalize."

Mbusa alipiga magoti mbele yake.

"Na haikukatika," mama yake akasema.