Fundi wa Mikanda wa Magomeni

Kilosa ya siku zile, kuli wa stesheni aliyejijali hakuinua robota la pamba bila mkanda wa Onesphory kiunoni. Ulikuwa mpana kama kiganja cha mtu mzima, ngozi mbili za ng'ombe zilizoshonwa pamoja kwa uzi wa katani uliopakwa nta, na bizimu la chuma zito kama kufuli. Makuli walisema ukiufunga, mgongo unasahau umri wake.

Ufundi huo Onesphory aliupata kwenye shamba la mkonge, alikopelekwa na mjomba wake akiwa bado mdogo, wakati wenzake wa kule milimani alikozaliwa wanapelekwa shule ya misheni. Huko alimkuta mzee aliyetengeneza mikanda mikubwa ya ngozi ya kuzungushia mashine. Alikaa naye miaka kumi na minne. Alipotoka, mikono yake ilikuwa inaijua ngozi kuliko mtu yeyote wilayani, lakini macho yake hayakujua hata herufi moja.

Uhuru ulipopatikana akahamia Magomeni, mtaa wa palepale Kilosa, na mkewe, Hildegarda, akafungua kibanda. Miaka mitano baadaye akaja Theodory. Alikuwa kijana wa milima ileile, aliyesoma akamaliza darasa la nane, kisha akajaribu kulima bondeni Chanzuru mafuriko yakamshinda. Onesphory hakumwuliza mengi. Alimfundisha kuloweka ngozi kwenye maji ya magome ya mgunga, kuikata pale kwenye mgongo wa mnyama ilipo ngumu, na kuitoboa kwa msharasi bila kuichana. Mkanda mzito hushonwa na watu wawili: huyu anavuta sindano huku, yule anavuta kule, wameketi wanatazamana, magoti yanakaribia kugusana. Waliketi hivyo miaka minane. Ida, binti wa Onesphory, alipobatizwa, Theodory ndiye aliyemsimamia.

"Kaka," Theodory alizoea kusema, "wewe mikono, mimi kalamu."

Na kweli, kila karatasi iliyoingia kibandani ilipita kwake. Onesphory alikuwa akimwambia, "Hebu tusomee," kama mtu anayemwambia mkewe amwekee maji ya kuoga.

Mwaka wa sabini na nne likaja agizo kwamba watu wahamie vijijini. Mjini wangebaki wenye kazi inayotambulika, na kwa kila kibanda cha ufundi angeandikwa mtu mmoja tu. Theodory akarudi kutoka ofisi ya wilaya na karatasi mbili, akaweka karatasi nyeusi ya kunakilia katikati, akaketi kuandika. Onesphory alisimama nyuma yake akitazama wino unavyokwenda.

"Umesema nini hapo?"

"Nimesema Onesphory ndiye fundi wa mikanda ya ngozi hapa Magomeni, na wilaya nzima haina wa kumfikia."

"Usizidishe," Onesphory akasema, lakini alicheka kwa furaha. Akabonyeza dole gumba chini ya maandishi, kwenye karatasi zote mbili, na Theodory akampangusa wino kwa kitambaa chake mwenyewe.

Onesphory alizipeleka mwenyewe ofisini. Karani akasoma, akamtazama kidogo, akagonga mhuri, akabaki na moja na kumrudishia nakala. "Sawa, mzee. Jumatano lori litapita kwako. Mnakwenda upande wa Mikumi."

Onesphory alidhani hakusikia vizuri. Akarudi kibandani mbio mbio, jasho linamtiririka. Theodory alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Watakuwa wamechanganya majina, kaka. Makarani wamechoka. Ukigoma utaitwa mpinzani. Wewe nenda, mimi nitafuatilia. Haitapita miezi miwili utakuwa umerudi. Hiyo nakala niachie nikutunzie."

"Hapana. Hii nakaa nayo mimi. Jina langu limo humu."

Theodory akarudisha mkono. "Basi usimwonyeshe mtu. Wakiiona huko watasema unawaruka viongozi wa kijiji."

Onesphory aliona ni ushauri mzuri. Alimwachia vyombo vyote: misharasi, visu, kinu cha kupondea magome, hata ngozi zilizokuwa bado zimelowekwa. Jumatano ilipofika, Theodory ndiye aliyewasaidia kupakia magodoro.

Kijiji kipya kilikuwa pori lililofyekwa juzi, na vigingi vikionyesha nyumba za watu zitakaposimama. Usiku tembo walitoka mbugani wakala mahindi. Onesphory alilima pamoja na wenzake, lakini moyo wake haukuwa hapo. Kila treni ya Kilosa ilipofika Mikumi alituma salamu, na kila mara jibu lilikuwa moja: Theodory anasema bado anafuatilia.

"Baba Ida," Hildegarda alimwambia msimu wa kwanza ulipokwisha, "huyu mtu anafuatilia mpaka lini?"

"Unamsema Theodory?"

"Namsema Theodory."

"Nimeketi naye miaka minane, mama Ida. Ngozi mbovu naijua kwa kuigusa tu. Nitashindwa kumjua mtu?"

Hildegarda akachukua jembe, akatoka.

Mwaka uliofuata darasa la watu wazima likafunguliwa, saa kumi jioni, chini ya paa la makuti. Mwalimu alikuwa Joha, binti wa pwani aliyetoka chuo majuzi tu, anayewaamkia wanafunzi wake wote shikamoo kabla ya kuwasahihisha. Onesphory alikwenda kwa sababu kila mtu alitakiwa kwenda. Lakini siku alipoandika jina lake ubaoni, mkono wake uliozoea msharasi ukiivunja chaki mara tatu, alisimama akilitazama mpaka Joha akamwambia, "Baba, wengine nao wanangoja."

Tangu hapo alisoma kila kilichopita mbele yake: magunia ya mbegu, khanga za wanawake, vibao vya magari barabara ya Iringa. Ilimchukua miezi saba kufikia kusoma sentensi nzima bila kusimama. Ndipo Jumapili moja baada ya kanisa, akakaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, akaitoa ile nakala. Alitaka kusoma, kwa macho yake mwenyewe, kwamba wilaya nzima haina wa kumfikia.

Akasoma silabi kwa silabi, kidole kikifuata mstari.

*Mimi Theodory ndiye fundi wa mikanda katika kibanda hiki. Onesphory ni kibarua wangu wa kuloweka ngozi. Simhitaji tena, na mwenyewe amekubali kwenda kijijini.*

Alirudia kutoka mwanzo. Alidhani hajajua kusoma bado. Akamwita Joha aliyekuwa akipita, akamwomba amsomee, na Joha akasoma maneno yaleyale, sauti ikimpungua kadiri alivyoendelea. Chini kabisa palikuwa na alama nyeusi ya dole gumba, mistari yake yote ikionekana safi.

"Pole, baba," Joha akasema.

Onesphory alikunja karatasi. Hakuweza kuinuka pale kizingitini mpaka jua lilipomhama.

Treni ya kwanza ya wiki ile ilimfikisha Kilosa asubuhi. Kibanda kilikuwa kimepanuliwa, kimeezekwa bati jipya, na mlangoni kuna kibao. Alikisoma bila kusita: *Theodory, Fundi Mikanda*. Ndani vijana wawili walikuwa wanashona wakitazamana, na Theodory amesimama katikati kama msimamizi.

"Kaka! Shikamoo!" Theodory akaruka. "Mbona hukutuma habari? Karibu, karibu kiti."

Onesphory hakuitikia marahaba. Vijana wakaacha kushona. Mkubwa amesalimiwa na amekaa kimya. Hilo lilitosha kuwatoa nje bila kuambiwa.

"Kibao chako kimeandikwa vizuri," Onesphory akasema.

Theodory alimtazama usoni, kisha akatazama mfuko wa shati la Onesphory, ambamo ncha ya ile nakala ilichungulia. 

"Umejua kusoma."

"Nimejua."

Theodory akakaa kwenye kiti alichokuwa amempa mgeni. "Nafasi ilikuwa moja, kaka. Nina watoto sita. Kijijini ningefanya nini mimi? Kilimo kilishanishinda. Wewe una mikono. Mtu mwenye mikono haanguki popote. Nilijiambia kaka atapona, mimi nitakufa."

"Kwa nini hukuniomba?"

"Ungekubali?"

Onesphory alifikiri kwa kweli, kwa sababu swali lilikuwa la kweli. "Sijui," akasema. "Labda ningekubali. Watoto wako nawapenda. Lakini ungeniomba, Theodory. Ungenipa nafasi ya kukataa. Badala yake umechukua kidole changu ukanisemea nacho, na wino ukanipangusa."

Theodory akaanza kulia. Alisema atarekebisha, atakwenda ofisini leo hii, Onesphory atarudi, watakaa kama zamani, kibao atakitoa. Aliyasema yote hayo bila kuinuka kitini, na Onesphory alijua kwamba kama angekuwa mtu wa kuinuka, angeinuka mwaka mzima uliopita.

"Nipe vyombo vyangu."

Aliviweka kwenye gunia kimoja kimoja. Msharasi mmoja ulikuwa umevunjika mpini na ukatiwa mwingine wa mti mbaya, aliuchukua hivyohivyo. Alipotoka, makuli wawili wa stesheni walimtambua wakamwita kwa furaha wakimwonyesha mikanda yake viunoni mwao. Aliwapungia mkono, akapanda treni.

Ofisini hakwenda. Ingekuwa kumweleza karani kwamba dole lile ni lake na si lake.

Kule kijijini mwenyekiti alifurahi kusikia kuna fundi. Wapakiaji wa magunia ya mahindi walihitaji mikanda, na ngozi ilipatikana kwa wafugaji. Akampa kivuli cha ghala, akamwuliza anataka kijana gani wa kushona naye.

"Sitaki mtu," Onesphory akasema.

Akawa anabana ngozi kwa magoti, anavuta sindano huku, anaizungusha, anavuta kule. Mkanda wa siku moja ukawa wa siku tatu. Hildegarda alikuja siku ya kwanza akasimama, akasema, "Nipe nishike upande mmoja."

"Niache, mama Ida."

Alimwacha. Siku ya pili akaja tena, akafukuzwa tena, na safari hii Onesphory aliona jinsi alivyoondoka: polepole, mabega yameshuka, kama mtu aliyepigwa kwa kosa la mwingine. Alitaka kumwita, akainamia ngozi tena. Alishona mpaka vidole vikavimba, na mshono wenyewe ulikwenda upande.

Siku ya tatu Hildegarda hakuja. Onesphory akaweka ngozi chini, akamfuata nyumbani, akamkuta anachambua maharage. Alisimama mlangoni.

"Ule mkanda umenishinda peke yangu," akasema.

Hildegarda aliendelea kuchambua mpaka maharage ya ungoni yakaisha. Ndipo akajifuta mikono, akatangulia njia ya ghalani bila kumsubiri.