Nzi Niliowapunguza

Naandika haya nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na matroni wala mwalimu wa zamu. Mimi ndiye niliyepunguza nzi wa shamba la mapera, na nia yangu ilikuwa njema, kama ilivyo nia ya kila mhalifu.

Mama ni mtafiti. Huu ni mwaka wa tatu anaishi kwenye kituo chao, chumba kimoja na jiko nyuma ya shamba, akitafuta namna ya kuwapunguza nzi wa matunda, wale wanaotaga ndani ya pera likiwa bado bichi, ili ukija kulila ukute lina wapangaji. Mimi nisipokuwa bwenini nakaa mjini kwa Bibi. Kila nikimuuliza Mama atarudi lini, jibu ni lilelile: "Nzi wakipungua, mwanangu."

Nikalichukua kama mkataba.

Likizo hii nilimfuata hukohuko. Shamba limegawanywa mara mbili. Upande mmoja miti hunyunyiziwa chambo chenye dawa, na mapera yaliyoanguka huokotwa na kufukiwa. Upande wa pili hauguswi. Pande zote mbili zina mitego ya plastiki inayoning'inia mitini. Kila Jumatatu msaidizi wa Mama, tunayemwita Fundi Mitego, huizungukia yote, kisha nzi humwagwa kwenye sinia jeupe na kuhesabiwa kwa kibano, mmoja mmoja, kama wanafunzi watoro.

"Daktari, mheshimiwa karudi," Fundi alimwambia Mama aliponiona. "Tufiche sukari."

"Shikamoo. Mwaka jana nilitia chumvi kwenye sukari mara moja tu."

"Marahaba. Tumbo langu lina kumbukumbu tofauti."

Mapera yalikuwa yanaiva. Mama alisema wiki hizo tatu za mwisho ndizo za uamuzi. Nami nikaamua. Jumapili mchana, yeye akifua na Fundi akiwa kwake, nilipita mtego kwa mtego na kijiko, nikiuacha kila mmoja na nzi watano au sita, Mama na Fundi wasije wakashuku. Upande wa dawa hakukuwa na kazi, nzi walikuwa haohao watano. Upande wa pili nilichota hadi mkono ukauma. Sikupendelea upande wowote. Shuleni tunafundishwa usawa.

Nilifanya hivyo Jumapili tatu. Jumatatu ya mwisho nilivaa gauni safi, kwa kuwa nilitarajia sherehe.

Mama alichora mistari yake miwili kwenye karatasi, mmoja kwa kila upande. Ililaliana kama mapacha kitandani.

"Hakuna tofauti," alisema.

Fundi aliinama, akaangalia, akavua kofia. "Usioguswa nao umepungua. Labda ni mvua."

"Labda. Lakini ninachoweza kuandika ni kwamba dawa haifanyi kitu."

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu mradi unafungwa. Nafungasha, narudi nyumbani." Alisema hivyo akitazama sinia, si mimi.

Fundi alipotoka, Mama alianza kung'oa chati ukutani. Pini alizitia kwenye kopo, moja moja, na kila chati aliikunja taratibu kama nguo ya mtu aliyefariki. Nilikuwa nimeshinda. Mama angelala chumba cha pili, angenisikia nikikohoa. Ningemkuta mlangoni kila shule ikifungwa. Nilisimama pale nikiutaka ushindi wangu, na ulikuwa unakunjwa mbele yangu.

"Mama," nikasema, "si mvua."

Nikamweleza yote, hadi kijiko. Hakunipiga wala hakunipandishia sauti. Alivuta kiti, akanipa daftari la shamba na kalamu.

"Andika. Tarehe, na mitego uliyogusa."

Nikaandika. Mwandiko wangu haujawahi kuwa mzuri vile.

"Ulitaka nini hasa?"

"Urudi."

"Si ungeniomba?"

"Nimeomba miaka mitatu."

Alilivuta daftari. Kisha akazipiga mstari mwekundu hesabu za wiki tatu, akafungua kopo, akaanza kuzirudisha chati ukutani. Mimi nikawa nampa pini.

"Itabidi turudie msimu mzima," alisema.

"Najua."

"Nawe unajua ni muda gani."

"Najua, Mama."

Sasa niko bwenini. Jumamosi tunaruhusiwa simu dakika kumi. Mama hunisomea hesabu za wiki, upande kwa upande, nami naandika nyuma ya daftari la kemia. Nimejikuta nawaombea nzi wa upande wa pili wazaane. Namba zikiisha, dakika hubaki mbili au tatu. Hakuna anayesema kitu, na hakuna anayekata.