Sururu Nyuma ya Nyumba ya Sindano

Tulimalize hili mapema: siku hiyo bwege alikuwa Koki mwenyewe, na hata yeye amelikubali, baada ya kulikataa kwa siku mbili. Fundi bomba mwenye uzoefu wa miaka thelathini alishika sururu akatoboa bomba alilolilaza kwa mikono yake.

Chanzo ni ile mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Aliinunua mtumba kwa ajili ya kazi, imsaidie kuyaona mabomba ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka yamepita wapi. Kisha rafiki yake Sindano, fundi cherehani, akarudishwa nyumbani kutoka hospitali. Ini limekwisha, daktari alisema. Kilichobaki ni dawa za maumivu na watu wake wa karibu. Koki, wa karibu kuliko wote, alikwenda siku ya kwanza, akaona mabega yamechomoza kama hanga iliyosahauliwa ndani ya shati, akaongea mpira robo saa, akaaga. Tangu hapo akawa anaishia mlangoni, kwa mke wa Sindano.

"Shemeji, mpe mgonjwa hii. Mimi nawahi kazini."

Hiyo "hii" ilikuwa msumari wenye kutu. Kesho yake kizibo cha soda. Keshokutwa bizimu ya mkanda, na hiyo aliitoa kwa madaha kana kwamba ni dhahabu. Kazi aliyokuwa akiiwahi ni kushinda kwenye kiwanja cha mpira, visikilizio masikioni, akipitisha mashine juu ya majani polepole kama anayepiga pasi. Mle masikioni hamkuwa na ini wala daktari. Kulikuwa kimya, kisha tii!, kisha unachimba, unakitoa, unakipangusa tope, basi, kimekwisha. Usingizi ukamrudia. Hata akanenepa kidogo, jambo lililomtia aibu, ingawa si ya kumkosesha chakula.

Alikimaliza kiwanja, akazimaliza kingo za barabara, na asubuhi moja miguu ikamfikisha nyuma ya nyumba ya Sindano, hatua kumi kutoka dirisha la mgonjwa. Alijiambia amefuata udongo laini.

Mashine ikalia. Akasogea, ikalia. Akasogea tena, ikalia tena, mstari mmoja ulionyooka kutoka ukutani hadi kwenye uzio. Mtu yeyote angejiuliza. Koki naye alijiuliza, akajijibu: masanduku ya mali. Tena yamepangwa! Safari hii Sindano hataletewa msumari; ataletewa kitu cha maana, na Koki ataingia nacho mpaka ndani, kifua mbele. Akainua sururu.

Maji yaliruka mpaka usawa wa paa.

Mke wa Sindano akatoka mbio. "Shemeji! Umefanya nini?"

"Valvu ya kufungia maji iko wapi?" Koki aliuliza huku akitema tope.

"Kwani fundi ni mimi? Uliiweka wewe. Chumbani, nyuma ya kitanda chake."

Ikambidi aingie. Alipita mlango ule aliokuwa akiukwepa wiki tatu nzima, amelowa chapachapa, spana mkononi.

"Karibu," alisema Sindano kutoka juu ya mito mitatu. "Vua viatu, kumepigwa deki."

Koki akavua, akatambaa chini ya kitanda, akaifunga valvu. Alipoinuka, uso wake ukawa usawa mmoja na uso wa rafiki yake. Uso wa Sindano ulikuwa wa manjano, umebaki kama kiganja. Macho yalikuwa yaleyale ya utani. Pembeni yake dirisha lilikuwa wazi, na shimo lilionekana lote.

"Ulikuwa unaniona?"

"Tangu asubuhi. Ulipoanza kuufuata ule mstari nikamwambia mke wangu, tega ndoo."

"Na hukuniita!"

"Nimekuita wiki tatu, bwana. Nikasema niliachie bomba likuite, labda lenyewe unaliheshimu."

Koki akapandwa na hasira, na kwa kweli ilimsaidia, maana alikuwa karibu kulia.

"Wewe cheka tu. Nilikuwa nakutafutia kitu! Ningekujaje mikono mitupu?"

"Nani kakwambia naumwa ukosefu wa misumari?"

"Sindano, sikiliza. Mimi kukaa tu nikakutazama siwezi. Nitasema nini? Nitashika nini? Kule chini angalau najua la kufanya. Nachimba, napata, roho inatulia. Niache na chini yangu."

Sindano alivuta pumzi, akaikosa, akaivuta tena.

"Sasa haraka ya nini, ndugu yangu? Huko chini utanikuta, na mashine wala hutaihitaji. Leo bado niko juu ya kitanda. Vuta kiti."