Uprofesa wa Kisumaku Kichafu

Wanafunzi walimwita Mzee wa Nukuu, na sijaona jina lililomkaa mtu vizuri kama lile. Ni mwanakemia mwenzangu, mume wa dada yangu, tena tunagawana ofisi moja ambamo hata paka hageuki. Kila asubuhi, kabla ya kuitikia salamu yangu, alifungua kompyuta kutazama ni wasomi wangapi duniani wamezinukuu makala zake tangu jana. Wakiongezeka, mimi nanunuliwa chai. Wasipoongezeka, hata kufungua dirisha ni ugomvi.

Nimtendee haki: mchezo huu hakuuanzisha yeye. Kamati yetu ya kupandisha vyeo haisomi makala ya mtu, inahesabu waliomnukuu, basi. Ukinukuliwa sana, wewe ni profesa. Usiponukuliwa, wewe ni mwalimu tu, hata ugundue dawa ya kuzuia kifo. Na shemeji alikuwa amebakiza nafasi moja kabla ya kustaafu. Akiikosa, angeondoka na cheo kilekile alichoingia nacho, na jambo hilo lilimkondesha hadi dada yangu akaanza kumpunguzia suruali viuno.

Kazi yake ni vichocheo, yaani vitu unavyotia kidogo tu kwenye mchanganyiko, kemikali zikaungana upesi, navyo vyenyewe vikabaki vilevile. Zamani aliandika makala akidai unga wa chuma cha kawaida unaweza kufanya kazi ya madini ghali. Makala ikalala usingizi wa pono. Mwaka huu ikaamka ghafla, nukuu zikamiminika kutoka kila pembe, shemeji akawa anaimba kwenye korido.

"Shemeji, dunia imenielewa!"

"Wanasemaje?"

"Wananinukuu!"

"Najua. Lakini wanasemaje?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Kusoma? Nani ana muda huo?

Basi nikasoma mimi, kwa kuwa wivu ulikuwa unaniuma na sioni haya kusema. Makala ya kwanza iliyomnukuu ilinichekesha. Kufika ya tatu, kicheko kikakauka. Maabara moja ya mbali ilikuwa imegundua kwamba ule unga haufanyi lolote. Kilichofanya kazi ni kisumaku cha kukorogea, kile cheupe mfano wa kidonge kinachozunguka ndani ya chupa. Sisi hapa hukisuuza kwa maji, tukakifuta kwa koti, tukakitumia tena hadi kikajaa mikwaruzo. Kwenye mikwaruzo ya kisumaku cha shemeji yalikuwa yamejificha mabaki ya madini ghali ya jaribio la mtu mwingine. Tangu hapo, kila mwanakemia aliyetaka kuwaonya wenzake waoshe visumaku kwa asidi alimtaja shemeji yangu kama mfano wa kuepukwa.

Nilimwambia asubuhi ya usaili wake mbele ya kamati ya vyeo, kwa sababu aibu ya dada yangu ni yangu.

"Wote wanasema hivyo?" aliuliza.

"Wote. Yupo mmoja amekushukuru, lakini ni kwa kumchekesha."

Niliingia naye kwenye usaili kama mwakilishi wa idara. Nilidhani atanyamaza, nami nisingemlaumu. Lakini alisimama, jasho likimtoka, akasema, "Waheshimiwa, nukuu hizi zote zinasema nilikosea."

Mkuu wa kitivo alivua miwani. "Ni nukuu, au si nukuu?"

"Ni nukuu."

"Zimo kwenye hesabu?"

"Zimo."

"Sasa unatupotezea muda wa nini, Profesa?"

Ndivyo alivyoupata uprofesa. Wakampigia makofi, wakampa joho, na picha yake ikabandikwa langoni kwa sifa ya kusomwa duniani kote. Yeye hakuimba tena. Alirudi maabara, akaviosha visumaku vyote kwa asidi, akalirudia jaribio lake. Unga ukalala chini ya chupa bila kufanya lolote. Akaandika masahihisho mafupi, safi kuliko chochote alichowahi kuandika, na jarida likayachapa. Halafu akaanza kutazama kompyuta tena. Hakuna aliyeyanukuu. Wiki zikapita, bado hakuna. Hapo ndipo nilipomwonea huruma ya kweli.

Jumapili moja, mezani kwake, akashindwa kuvumilia. "Kosa langu limesomwa na dunia nzima," alisema. "Ukweli wangu haujasomwa na hata mtu mmoja."

"Mimi nimeusoma," alisema dada yangu, ambaye kemia anaijua kwa harufu ya makoti anayofua.

"Wewe? Ukaelewa nini?"

"Mstari mmoja tu. Pale ulipoandika kwamba ulikosea." Akaweka upawa chini, akakunja mikono. "Nimelingoja neno hilo tangu unioe. Sasa liseme kwa mdomo, kaka yangu yupo, atakuwa shahidi."